Kwa vijana mnaoanza kutabiri mshindi wa urais Zanzibar

Kabla hamjafungua kompyuta, yaangalieni matokeo ya mwaka 2010. Dk. Ali Mohamed Shein alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.1 na Maalim Seif Sharif Hamad akapata 49.1. Pengo lao halikufika kura 3,500. Mwaka 1995 lilikuwa finyu zaidi: Dk. Salmin Amour 50.2, Maalim Seif 49.8.

Sasa chukueni sampuli ya watu 1,000, tena iliyochaguliwa kwa bahati nasibu kama inavyotakiwa. Inaweza kukosea kwa asilimia tatu, juu au chini. Kwa uchaguzi kama ule wa 2010, sampuli hiyo haina la kukuambieni kuhusu mshindi. Kuliona pengo la pointi moja, kwa uhakika wa kawaida wa asilimia 95, kunataka watu wapatao 38,000. Na watu wa shehia moja, yaani eneo dogo la utawala chini ya sheha, mara nyingi hufanana msimamo, kwa hiyo watu mia wa Shehia moja ya Micheweni hawalingani uzito na watu mia waliotawanyika Unguja na Pemba.

Msije mkadhani wingi peke yake unatibu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipeleka karatasi za maoni kwa watu milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni mbili, likamtabiria Alf Landon ushindi wa urais. Mpinzani wake, Roosevelt, akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalitolewa zaidi kwenye orodha za wenye simu na magari, na waliorejesha karatasi ni wale waliokuwa na hamu ya kusema.

Mitandao ya leo ina ugonjwa huohuo. Anayeandika usiku kucha kuhusu Zanzibar huenda yuko Muscat au London na hana kadi ya kupigia kura. Mama anayelima mwani Paje anayo kadi, lakini hajaandika neno. Ujerumani, baada ya uchaguzi wa 2009, watafiti walidai kwamba kuhesabu tu vyama vinavyotajwa Twitter kunakaribia matokeo. Wenzao wakarudia hesabu wakiingiza na Chama cha Maharamia, kilichoachwa nje mwanzoni. Kikatoka cha kwanza, na kwenye sanduku kilipata asilimia mbili.

Halafu kuna namna yetu ya kusema. Mtu anaandika: "Maji yanatoka mpaka yanamwagika, ahsanteni sana viongozi wetu," na mtaa wake hauna tone tangu juzi. Programu ya kompyuta inayopima hisia za maandishi itaweka alama ya sifa. Maoni kama hayo msiiachie mashine. Wapeni watu wawili wa hapahapa wayasome kila mmoja peke yake, na wanapotofautiana, andikeni kwamba wametofautiana.

Kazi ya mtaani ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo ninayoipenda. Huwezi kuingia shehia bila kupita kwa sheha, na sheha huteuliwa na serikali. Akikusindikiza hadi mlangoni, jibu ulilokwisha kulipata ni la mtu anayemtazama sheha. Mshukuruni, mumuombe abaki kwake. Hata barazani msihoji. Nimemwona mzee Wete akizungumza vizuri kuhusu bei ya karafuu, jirani akaja kukaa, na swali lililofuata akalijibu kwa "kura ni siri, mwanangu". Alikuwa na haki yake. Jibu hilo liwe na nafasi yake kwenye fomu, wala msiwafute waliolitoa ili asilimia zenu zipendeze. Wakiwa wengi upande mmoja wa kisiwa, hiyo ni habari kubwa kuliko majina yote mliyokusanya. Mwisho wa mahojiano, kama wanavyofanya Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika, mwulizeni anadhani nani amekutumeni. Anayejibu "serikali" na anayejibu "chuo" wachambueni mbalimbali.

Mzanzibari hupiga kura ya Rais wa Zanzibar na ya Rais wa Muungano. Ukiuliza "utamchagua nani urais", hujui amejibu lipi. Ulizeni maswali mawili, na kabla yake ulizeni kama yumo kwenye daftari la wapiga kura.

Kuna na jambo ambalo hisia za watu haziwezi kulibeba. Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alitangaza kuufuta uchaguzi wa siku tatu nyuma. Uliporudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF, chama cha Maalim Seif wakati huo, ikasusia, na Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Ripoti yenu inapima maoni ya wiki mliyohoji, basi. Andikeni tarehe za mahojiano juu kabisa, na kila mgombea mpeni kiwango cha chini na cha juu. Viwango vikiingiliana, andikeni kwamba mshindi hajulikani, hata kama aliyekulipeni anataka jina.