Mama hakukohoa hata mara moja

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kutoka Koboko, huku kwetu Uganda. Baba yake, mzee wa miaka 76, ana siku tatu hagusi chakula, na anamwita mjukuu wake kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufariki. Homa hana. "Ni uzee tu, au siyo dada?" Mikono ilinitetemeka, maana maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe Juni 2021.

Wimbi la pili la korona lilikuwa limepamba moto na nchi imefungwa siku 42. Nyumbani kwetu Arua tuliugua wawili, mimi na mama, wiki moja. Mimi, wa miaka 34, nilipata kila dalili iliyotangazwa redioni: homa, kikohozi, viungo kuuma, pua kutosikia harufu. Kitunguu kiliungua sufuriani nikajua kwa kuona moshi. Siku ya tisa nilikuwa nafua nguo.

Mama, miaka 73, hakukohoa. Joto lake 36.8. Alisukuma sahani pembeni, akalala mchana kutwa. Alfajiri ya siku ya nne nilimkuta ameketi sakafuni kando ya kitanda, kanga imelowa, akaniuliza kama lori la tumbaku limeshafika. Baba, aliyekuwa akiuza tumbaku, tulimzika miaka kumi na miwili kabla.

Zahanati ya jirani walimpima malaria, wakampa vidonge, wakaturudisha nyumbani. Hakuna aliyempima oksijeni kwa kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Siku mbili baadaye, hospitalini, kipimo kilisoma asilimia 81, na mama hakuwa akihema kwa shida hata kidogo.

Alikaa kwenye oksijeni siku kumi na moja. Alipona, Alhamdulillahi, lakini sasa anaswali kwenye kiti.

Ndugu zangu, mwili wa mzee haupigi kelele kama wa kijana. Kinga yake imepungua nguvu, kwa hiyo homa huweza isipande kabisa. Huko Marekani mwaka 2020 watafiti waliwaangalia wazee 817 wenye korona waliofika vitengo vya dharura: 28% walikuwa wamechanganyikiwa akili, na zaidi ya theluthi moja ya hao hawakuwa na homa wala shida ya kupumua. Ukiongeza presha au kisukari, kama alivyokuwa mama, hatari ya kufa inapanda zaidi.

Basi mzee akibadilika ghafla, akikataa chakula, akianguka, akipotea maneno, usiseme uzee. Uzee hauingii kwa siku tatu! Mpime oksijeni. Chini ya 94 mpeleke hospitali, chini ya 90 usingoje hata chai ichemke. Futa rangi ya kucha kwanza, pasha kidole joto, na ukumbuke kwamba kwenye ngozi nyeusi kama zetu kifaa hicho huweza kuonyesha namba kubwa kuliko ukweli. Kujifukiza na tangawizi havileti oksijeni. Na chanjo, mkumbushe mzee wako; nilimchelewesha mama kwa kusikiliza maneno ya sokoni, na dhambi hiyo ni yangu.

Yule wa Koboko nilimpigia simu palepale. Aliazima kipimo kwa nesi jirani yao: 88. Saa moja baadaye akaniandikia kwamba wako njiani, baba kaegemea bega lake.