Gitaa la umeme katika nyumba ya mawe: waya kwanza, maiki baadaye

Chumba ninachorekodia kiko ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani hapa Lamu. Kuta za mawe zina unene wa dhiraa hivi, dari ni ya boriti, na dirisha linatazama kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo hawapishani mpaka mmoja asubiri. Gitaa humo ndani linalia vizuri mno. Utulivu ndio haupatikani.

Kwa muda mrefu nilikataa kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye kompyuta. Nilishikilia kwamba gitaa la umeme ni nusu ya ala, na nusu ya pili ni amplifaya. Hata leo naamini hivyo. Kilichobadilika ni utaratibu wangu wa kazi.

Alasiri moja nilikuwa narekodi gitaa la chakacha kwa ajili ya harusi ya binamu yangu. Vidole vilikuwa vimekubali, kila kitu kikikaa mahali pake, na saa sikuitazama. Adhana ikaingia katikati. Maiki iliyokuwa mbele ya spika ikachukua yote. Siwezi kumpa mtu wimbo wa harusi wenye adhana chini ya gitaa, na wala sikutaka kuichezea kwa mashine. Nikafuta kipande chote. Nilikirudia mpaka usiku, ule mwendo haukurudi.

Kesho yake nikachomeka waya. Ami yangu, aliyepiga gitaa kwenye harusi nyingi za pwani hii, akasikiliza kidogo akasema, "Mwanangu, gitaa hili umelifunika blanketi." Alisema kweli. Lakini kosa halikuwa la waya. Nilichomeka kwenye tundu la kinanda. Pikapu, zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, hutoa umeme dhaifu unaohitaji tundu lenye ukinzani mkubwa, yapata megaomu 1. Tundu la kawaida la laini, kama hilo la kinanda, huwa na kama kiloomu 10 tu. Hapo pikapu inalemewa, na za kwanza kupotea ni sauti za juu. Kwenye intafesi yako, yaani kile kisanduku kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, tafuta kitufe kilichoandikwa Inst au Hi-Z, au chenye picha ya gitaa, ukibonyeze kabla ya jambo lolote. Ukikosa, pata kisanduku cha DI, kinachokaa kati ya gitaa na intafesi na kuipa pikapu ukinzani inaouhitaji.

Sasa utapata ubaya wa upande wa pili: sauti inachoma kama sindano. Spika ya gitaa ina kazi kubwa kuliko kupaza. Kuanzia kilohezi 5 hivi kwenda juu huanza kukata sauti, na masikio yetu yameshazoea kukatwa huko. Kwa hiyo wakati wa kupiga, washa programu ya kuigiza amplifaya pamoja na spika yake, usikilize hiyo. Ila kinachohifadhiwa kiwe gitaa tupu. Mlio wa juu kabisa uache kwenye desibeli -12 hivi, usigonge dari.

Usiku, baada ya Isha, kichochoro kikitulia, ndipo natoa amplifaya yangu ya wati 5. Rekodi ile tupu inatoka kwenye kompyuta, inapita kwenye kisanduku kinachoishusha iwe na nguvu kama ya gitaa, kisha inaingia kwenye amplifaya. Punda akilia, nasubiri amalize, naanza upya. Mpigaji hachoki, kwa sababu mpigaji ni kompyuta.

Maiki yangu ni Shure SM57, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1965. Haiogopi kelele. Hapa usiwe na haraka. Mulika kitambaa cha spika kwa tochi ya simu mpaka uione ile koni ya karatasi na kikombe cha katikati. Maiki ikielekea kikombe, sauti ni kali. Ukiisogeza upana wa kidole kuelekea ukingoni, inalainika. Mimi huiweka pale kikombe kinapokutana na karatasi, vidole viwili kutoka kwenye kitambaa. Sikiliza, sogeza, sikiliza tena. Nusu saa ya kusogeza maiki imenifaa kuliko programu zote nilizowahi kununua.

Ukichanganya waya na maiki katika wimbo mmoja, kumbuka kwamba sauti hutumia milisekunde 1 kusafiri sentimita 34 hivi hewani. Maiki iliyo mbali inachelewa, na zikikutana gitaa linakuwa jembamba. Kwenye kompyuta vuta rekodi ya maiki nyuma, ianze mapema kidogo, mpaka mawimbi yalingane.

Jambo jingine: ukisikia mvumo, chomoa chaja ya kompyuta, utumie betri. Na hapa kwetu chumvi ya bahari inakula vyuma, basi ncha za waya zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Nyaya zangu mbili zilianza kukwaruza kwa kutu tu, nami nilikwisha kuilaumu intafesi.