Atomizeri inachoma midomo: maswali yenu ya Goma na Bukavu

Mumeniandikia sana juu ya sigara ya umeme kupata moto. Kabla ya kusoma, gusa kifaa chako. Kama moto iko juu karibu na pale unavutia, ku atomizeri (sehemu inageuza likidi kuwa moshi), ni mambo ya rezistansi (ule waya mdogo wenye pamba, unaopasha likidi) na likidi. Kama iko chini ku batri, zima kwanza, ruka uende ku swali la tatu.

Yaya, nimeweka rezistansi mpya kabisa toka Birere, mara tatu tu nikivuta midomo inaungua na ladha ni ya pamba ya kuchoma. (Himbi)

Mpya njo shida yenyewe, ndugu. Pamba ya ndani inatokaka kiwandani ikiwa kavu, na likidi njo inapozesha waya: propileni glikoli inachemka ku digri 188, gliserini karibu 290, kwa hiyo mradi kuko likidi joto inabaki mu njia yake, ikikauka tu waya inaruka juu na pamba inaungua hapo hapo. Weka matone machache moja kwa moja ku pamba, jaza tanki, ngoja dakika kumi, halafu anza na wati za chini ile imeandikwa ku rezistansi, panda pole pole. Hiyo yako imeshaungua, itupe, kuosha haisaidie, ladha haitoki. Angalia pia likidi: ile nzito ya gliserini 80% haipiti mu tundu ndogo, chukua ya nusu kwa nusu. Na wewe mwenyewe usivute kama motari anayekimbiza kliya, acha nusu dakika kati. Zile za sukari nyingi nazo zinafanya waya kuwa nyeusi haraka, lakini zinauzwa sana, sijui tunapenda nini humo.

Rezistansi yangu imeandikwa omu 0.5, ya rafiki yangu 1.8, batri ni ya aina moja, mbona yangu inachemka zaidi? (Bukavu, Nguba)

Zidisha volti kwa volti, gawa kwa omu. Batri ikijaa ni volti 4.2, kwa hiyo kama kifaa hakina kirekebishaji cha kupunguza nguvu ya umeme, yako inatoa karibu wati 35 na ya rafiki haifike 10. Namba ndogo njo moto mkubwa, wengi wanafikiriaka kinyume. Yako inavuta zaidi ya amperi 8 ku batri, uliza muuzaji kama batri inazibeba, na akikujibu "ni nguvu tu" bila namba, nenda duka lingine.

Batri inapata moto ata sijavuta, iko mu mufuko tu. (Katindo)

Toa mu mufuko sasa. Ao kibonyezo kimekwama, ao kuko njia fupi ya umeme, na funguo ao sarafu zinaweza kuunganisha ncha za batri isiyo na kasha. Ikiwa karatasi ya plastiki ya batri imepasuka ao batri imevimba, usiitumie tena, usiichaji, usiitoboe. Shajeri nayo iwe ile ya kifaa, na najua umeme ikirudi usiku kila mutu anachomeka vyote na kulala, lakini hii usiiache juu ya kitanda.

Naweza ongeza maji ao mafuta mu likidi ili ipoe?

Apana. Maji inaruka-ruka ku waya na kuingia mu kinywa, na mafuta ya kula ikiingia mu mapafu inaleta ugonjwa.

Mimi sivutake, kijana wangu anaacha hii kitu mu salon ikichaji, na mudogo wake wa miaka miwili anazunguka. (Mama wa Kadutu)

Mama, ya kuogopa zaidi ni chupa ya likidi. Nikotini mtoto akimeza ni sumu, ata kidogo, na harufu ya matunda inamuvuta. Mwambie kijana afunge chupa mu kabati ya juu, achaji akiwa macho na hapo karibu. Mudogo akigusa chupa na kinywa, usingoje aanze kutapika, mpeleke hospitali na chupa yenyewe.