Kabla ya kushika simu, shika mchoro: kwa mnaoanza kazi ya kesi za maumbo ya vifaa

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii, faili langu la kwanza nililianza kwa kupanga simu mbili mezani na kuzilinganisha siku tatu mfululizo. Nilipima kona kwa rula, nikahesabu vitundu vya spika, nikajaza kurasa kumi na moja. Wakili aliyekuwa akinilea kikazi alisoma ukurasa wa kwanza tu, akauliza: mchoro wa hataza (patenti) uko wapi? Nilikuwa hata sijaufungua. Kazi yote ile ilikuwa ya kulinganisha bidhaa na bidhaa, ilhali mahakama inalinganisha bidhaa na mchoro uliosajiliwa.

Hataza ya uvumbuzi hulinda namna kitu kinavyofanya kazi, na mipaka yake huandikwa kwa maneno. Hataza ya umbo hulinda sura ya kitu, na mipaka yake ni picha. Nchini Marekani dai lake huwa moja tu, sentensi fupi inayosema umbo ni kama linavyoonekana kwenye michoro. Kwa hiyo jifunzeni kusoma mistari. Mstari usiokatika unadaiwa. Mstari wa vipande vipande unaonyesha tu mahali umbo lilipokaa, haudaiwi. Chukueni hataza ya Apple namba D618,677, mojawapo ya zile Apple ilizotumia kuishtaki Samsung huko California kwa kuiga umbo la simu yake. Kinachodaiwa pale ni uso wa mbele, bapa, mweusi, wenye kona za mviringo. Mwili uliobaki wa kifaa umechorwa kwa vipande, maana yake mshindani anaweza kubadilisha mgongo wa simu atakavyo na bado akanaswa na uso wa mbele. Ile nyingine, D604,305, haigusi hata ganda: inahusu mpangilio wa aikoni 16 kwenye kioo. Mtu aliyechagua mistari ipi ikatike na ipi isikatike aliamua sehemu kubwa ya kesi miaka kabla haijafunguliwa, na ndiyo maana nawaomba msiidharau kazi ya mchoraji wa hataza.

Swali la pili ni jicho la nani linaangalia. Marekani bado wanategemea kesi ya Gorham ya mwaka 1871, iliyohusu mapambo ya vishikio vya vijiko na uma: je, mnunuzi wa kawaida, mwenye umakini wa kawaida, angedanganyika akanunua kimoja akidhani ni kingine? Mwaka 2008, katika kesi ya Egyptian Goddess, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilisisitiza kwamba mnunuzi huyo anafikiriwa kuyajua maumbo yaliyotangulia. Hapo ndipo upekuzi wa kumbukumbu za zamani unapolipa. Soko likishajaa vitu vinavyofanana, tofauti ndogo hupata uzito.

Ulaya wanauliza kitu tofauti kidogo: mtumiaji mwenye uelewa anapata taswira gani ya jumla? Julai 2012 huko London, Jaji Colin Birss alikubali kwamba vishikwambi vya Samsung vikitazamwa kwa mbele vinafanana sana na umbo lililosajiliwa na Apple, lakini akaona ni vyembamba zaidi na migongo yake ina mambo yake yenyewe. Apple ikashindwa. Mwezi uliofuata, baraza la wazee wa mahakama (jury) huko California nalo liliona hataza ya Apple ya umbo la kishikwambi haijavunjwa, ingawa kwenye simu liliipa Apple ushindi mkubwa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Apple ilishinda kesi ya maumbo", muulize: umbo lipi, na mahakama ipi?

Sasa suala la nyaraka, ambalo mimi naliona zito kuliko yote. Katika kesi ile ya California, iliyofunguliwa Aprili 2011, mojawapo ya ushahidi uliotajwa sana ni ripoti ya ndani ya Samsung yenye kurasa 132, iliyolinganisha simu yao na iPhone kipengele kwa kipengele na kupendekeza marekebisho. Kulinganisha bidhaa yako na ya mshindani si kosa, kila kiwanda kinafanya hivyo. Lakini ripoti ya namna hiyo ikisimama peke yake, bila michoro inayoonyesha wabunifu wako walivyohangaika wenyewe, inakuwa ndiyo hadithi nzima. Waambieni wabunifu watunze kila mchoro wa penseli wenye tarehe, kila mfano wa povu, kila wazo lililokataliwa pamoja na sababu ya kulikataa. Nimeona shauri likidhoofika kwa sababu mbunifu mwenye kipaji alikuwa akitupa rasimu zake kila Ijumaa ili kusafisha meza. Iliniuma, kwa maana kazi yake ilikuwa ya kweli na hatukuwa na cha kuionyesha.

Kuhusu fedha, elewa kwa nini watu wanagombania maumbo kwa nguvu hivi. Katika miaka ya 1880 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wenye maumbo ya mazulia yaliyoigwa wapate senti 6 tu, kwa kuwa hawakuthibitisha ni faida kiasi gani ilitokana na umbo. Bunge likajibu mwaka 1887 kwa sheria inayompa mwenye umbo faida yote ya mwigaji. Kanuni hiyo leo iko kifungu cha 289 cha sheria ya hataza ya Marekani. Lakini faida yote ya kitu gani? Zulia ni kitu kimoja, simu ni mkusanyiko wa vitu. Desemba 2016, katika kesi hiyohiyo ya Apple na Samsung, Mahakama ya Juu, majaji 8 kwa sauti moja, ilisema "kitu" hicho kinaweza kuwa bidhaa nzima au sehemu yake tu, ikaacha kueleza namna ya kupima. Kesi ikarudi San Jose, California, na Mei 2018 baraza jipya likaipa Apple takriban dola milioni 533 kwa maumbo na takriban milioni 5 kwa hataza za uvumbuzi. Mwezi uliofuata wakapatana. Ukiwa upande wa utetezi, anza mapema kukusanya ushahidi wa gharama na faida ya kila sehemu, kioo peke yake, ganda peke yake. Ukisubiri hukumu umechelewa.

Na mteja akipigwa zuio la mauzo, msikimbilie rufaa peke yake. Agosti 2011 mahakama ya Düsseldorf, Ujerumani, ilizuia kishikwambi cha Samsung, Galaxy Tab 10.1. Huku ikiendelea kubishana mahakamani, Samsung iliwarudisha wabunifu mezani: fremu ikaonekana hadi mbele pembeni mwa kioo, spika zikahamishwa, kifaa kikatoka na jina la 10.1N. Apple ikaomba nacho kizuiwe, na Februari 2012 mahakama hiyohiyo ikakataa.