Fundi Anajibu: Nikiwasha taa, spidomita inaruka

SWALI: Shikamoo fundi. Baiskeli yangu ina spidomita isiyo na waya, nimeifunga katikati ya usukani. Mchana inasoma sawasawa. Usiku nikiwasha taa ya LED, namba zinaruka: mara 0, mara 70, nami nakanyaga taratibu tu. Nimebadilisha betri zote mbili, hali ni ileile. Je, imekufa?

JIBU: Marahaba. Haijafa, usiitupe. Taa ndiyo inayoisumbua.

Tazama gurudumu la mbele. Kwenye spoku kuna kisumaku, na kila kinapopita mbele ya kihisi kilichofungwa kwenye uma, kihisi hurusha mpigo mmoja hafifu. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, na gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1, hiyo ni mipigo 2 hadi 3 kila sekunde. Spidomita za analojia kama yako haziulizi mpigo umetoka wapi, zinahesabu tu. Sasa ndani ya taa nyingi za LED mna saketi inayokata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato hutoa kelele ya sumaku. Kelele ikiufunika mpigo wa kweli, unaona 0. Ikihesabiwa kama mipigo, ndiyo hiyo 70.

Hakikisha kwanza. Simamisha baiskeli, gurudumu litulie kabisa, halafu washa taa. Mimi niliwahi kusimama hivyo gizani, mguu mmoja chini, kioo kikinionyesha 43! Jaribu kila hatua ya mwanga, maana taa nyingine husumbua kwenye mwanga mdogo tu, ule unaopatikana kwa kukatakata umeme.

Dawa ni umbali. Ukiuongeza mara mbili, kelele ya namna hii hubaki kama sehemu moja ya nane, kwa hiyo sentimita chache zina faida kubwa. Peleka taa upande mmoja wa usukani na spidomita upande wa pili. Kisha pandisha kihisi juu kwenye uma, kwa kuwa vingi mpigo wake haufiki mbali zaidi ya sentimita 70. Kisumaku nacho kipandishe kwenye spoku ili vipishane vizuri. Usiogope kwamba kipimo kitaharibika, kinachohesabiwa ni mizunguko tu.

Tafadhali, usizime taa ili upate namba sahihi. Usiku nataka uonekane. Mwendo utaujua kesho.

Ikishindikana kabisa, nunua ya waya, au ya dijitali inayotumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Hiyo huitambua sauti ya kihisi chake na kupuuza mengine. Lakini anza na kuhamisha taa, kisha niandikie ilisoma ngapi baiskeli ikiwa imesimama.