Kunguru wa Mombasa amefika Imara Daima?

SWALI: Salamu mhariri. Mimi nimezaliwa Likoni na sasa nina miaka tisa hapa Nairobi. Wiki iliyopita nikianika nguo nikaona kunguru kwa ukuta anapekua mfuko wa takataka, shingo yote kijivu, hana lile shati jeupe la kunguru wa huku. Nikamwambia mume wangu huyu ni wa kwetu Pwani, akasema kunguru ni kunguru. Nimeona vizuri kweli?
Mama Zuhura, Imara Daima

JIBU: Mama Zuhura, mtu aliyelelewa Likoni akisema amemwona kunguru wa India, yaani huyo wenu wa Pwani, mimi namsikiliza, juu huyo ndege amekua naye. Lakini wacha tumkague kwanza. Kunguru wetu wa Nairobi ana kifua cheupe na ukosi mweupe, na akigaagaa kwa vumbi ama jalalani ule weupe unachafuka mpaka unadhani ni kijivu, hapo ndio watu wengi hukosea. Angalia mpaka wa rangi: wa huku, nyeusi ya kichwa na nyeupe zinakatana wazi kabisa, wa India kijivu chake kinazunguka kisogo, shingo na kifua na kinafifia polepole tu kwenye nyeusi. Pia ni mdogo kidogo, mwembamba, na sauti yake ni kaa-kaa-kaa nyembamba ya haraka, wa huku analia kwa sauti nzito.

Kufika kwake si ajabu vile. Hata Pwani si kwao, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka, akazaana, akavuka mpaka Mombasa, na kokote anakoenda anafuata watu na uchafu wao. Sasa wewe unakaa kando ya Mombasa Road, malori yanapita usiku na mchana!

Na hapo ndio roho yangu inapiga. Huyu ndege anakula mayai na makinda ya ndege wengine, vifaranga vya kuku pia, na huko Pwani wamekuwa wengi mpaka KWS, shirika la serikali la wanyamapori, mwaka 2024 ikatangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Akiwa mmoja Nairobi anaweza kushughulikiwa, wakishazaana ni kilio, ndio maana naomba sana usinyamaze.

Akirudi mpige picha, ya simu inatosha hata kama si safi, halafu rekodi video ndio tusikie sauti. Andika tarehe, saa, mahali, walikuwa wangapi. Ile ya wiki iliyopita iandike leo kabla haijapotea kichwani. Peleka kwa Nature Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, pale Makumbusho, Jumatano asubuhi huwa kuna matembezi ya kuangalia ndege na watu wa hapo watakwambia mara moja. Sumu usiweke, tafadhali, utaua wale wa shati jeupe ambao ni wa hapa hapa. Na sisi tutumie hiyo video pia, ata kama atakuwa ni yule wa kawaida aliyechafuka.