Jibu: Chupa tupu za dawa ya nyanya, na ile iliyopitwa na muda

Mkuu, umeuliza chupa tupu za dawa uzifanyeje, na ile nusu lita iliyopitwa na muda uifanyeje.

Chupa zisuuze mara 3, palepale unapochanganyia. Ukisubiri kesho, dawa inakaukia shingoni na ndani ya mshikio, na maji matupu hayaitoi. Kwanza igeuze juu ya bomba la kunyunyizia. Ikianza kudondosha tone moja moja, subiri sekunde 30 zaidi. Tia maji robo ya chupa, funga, tikisa sekunde 30, mimina kwenye bomba kabla hujalijaza. Hiyo ni dawa uliyoilipia, usiimwage. Rudia mara mbili. Ile karatasi ya rangi ya fedha ya mdomoni ing'oe yote, maana huficha dawa chini yake. Kizibo kisuuze peke yake. Halafu toboa kitako. Isipotobolewa, wiki ijayo utaikuta ina mafuta ya taa, au mbaya zaidi, maji ya kunywa. Kuchoma usithubutu, moshi wake ni sumu.

Nusu lita ni habari nyingine. Usiihamishie kwenye chupa ya soda, usiimwage chooni: shimo la choo linapeleka sumu kwenye maji ya kisima. Iache na lebo yake, isimamishe ndani ya ndoo yenye mchanga mkavu na mfuniko, ifungie mbali na chakula na mbegu. Kisha muone afisa ugani au ofisi ya TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) wakuelekeze pa kuikabidhi.

Na msimu ujao, nunua chupa ndogo.